Piga Tan 45 Kwanza

Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, nilikuwa na kalkuleta ya bei kubwa kuliko zote darasani kwetu. Siku ya UE nikafanya pepa kwa kalkuleta ya kuokota. Nikala sapu.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka naona wadogo zetu wanaingia chuo na mashine walizopewa na ndugu, au walizoshauriwa na muuzaji, na hakuna anayewauliza swali lolote mpaka wafike mlango wa chumba cha mtihani.

Yangu ilitoka kwa mjomba anayeishi Marekani. Aliposikia nimechaguliwa uhandisi alifurahi kuliko mimi. Akamtuma mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, boksi likafika: TI-84 Plus. Kioo kikubwa, vitufe kama vya rubani. Inachora grafu, unaona kabisa mstari unavyopanda na kushuka. Kule wanafunzi wa sekondari wanaitumia darasani, na hata mtihani wa SAT unaruhusu kalkuleta za kuchora grafu. Kwa hiyo mjomba hakukosea. Alininunulia kile anachoona watoto wa kule wanaenda nacho shule.

Aliyekosea ni mimi. Maelekezo ya mtihani yalibandikwa mapema, na yalisema wazi kwamba kalkuleta inayopokea programu hairuhusiwi. Nilisoma, jamani, nilisoma. Ila kichwani kwangu programu ilikuwa ni WhatsApp na ndugu zake. Yangu haina intaneti wala laini, nikajiona niko salama.

Kumbe maana yake siyo hiyo. Kalkuleta inayopokea programu ni ile unayoweza kuiandikia hatua zako mwenyewe, ukazihifadhi, halafu ukaziita siku nyingine zifanye kazi. Anayeweza kuhifadhi hatua anaweza kuhifadhi fomula na maelezo, yaani desa zima ndani ya mashine. Hicho ndicho msimamizi anachokikataa.

Siku yenyewe msimamizi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Akapita akikagua vitambulisho, akafika kwangu, akaiinua ile TI.

"Mwanangu, hii haiingii."

"Mama, haina intaneti."

"Sijakuuliza intaneti. Hii inatunza programu. Soma karatasi yako."

Akaenda kuiweka mbele. Kuazimana kalkuleta wakati wa pepa ni marufuku, kila mtu anajua. Nadhani aliniona nimebadilika sura, maana alirudi na fx-82MS iliyosahauliwa na mtu kwenye pepa ya jana. Haina kifuniko, namba 7 imefutika. Nilimshukuru kama amenipa figo.

Pepa ilikuwa ya nguvu na mizani: mzigo umening'inizwa kwa kamba mbili, ngazi imeegemea ukuta, vitu vya namna hiyo. Karibu kila swali lina pembe, na kila pembe inataka sin au cos. Mwalimu wetu hapendi pembe rahisi. Alitupa 25 na 40. Angetupa 30 ningeshtuka mapema, maana sin 30 ni nusu, hata usingizini unajua. Nikapiga sin 40, ikaja 0.588. Nikaandika. Majibu yakatoka mazuri tu, hakuna hasi, hakuna namba ya ajabu. Nilitoka nikiwa na amani.

Tukakaa kimbweta kulinganisha majibu, ule ugonjwa wetu wa kila baada ya pepa. Mwenzangu sin 40 yake ni 0.643. Wa pili 0.643. Yangu peke yangu 0.588. Mmoja akaniuliza, "Juu ya kioo palikuwa na herufi gani?" Nikafikiri. "G." Watu wakanyamaza. Mmoja akanishika bega, nikajua yameisha.

Kwa ambaye hajakutana nayo: kalkuleta hizi zinapima pembe kwa njia tatu. D ni digrii, duara zima ni 360. R ni radiani, duara zima ni 2π. G ni gradi, duara zima ni 400, kwa hiyo pembe mraba ni gradi 100 badala ya digrii 90. Gradi zinatumiwa na wapima ardhi wa nchi kadhaa za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Sisi huku hatuzigusi, lakini mashine inazo. Gradi 40 ni digrii 36 tu, ndiyo maana sin yangu ilipungua. Aliyeiacha kwenye G sijui alikuwa anatafuta nini.

Ubaya wa G ni kwamba inadanganya kwa upole. Ingekuwa R, cos 40 ingenitolea hasi na ningesimama. G inakupa jibu la jirani, linalofanana na kweli. Hata ukihakiki kwa kujumlisha mraba wa sin na mraba wa cos, unapata 1 safi kabisa, kwa sababu hesabu ni sahihi, ila ni za pembe nyingine.

Likizo wenzangu walienda kwao, mimi nikabaki nasubiri sapu. Mama nilimwambia kuna "mambo ya chuo". Mjomba naye alikuwa anapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Ile mashine inakusaidia?"

"Inasaidia sana."

Niliitikia hivyo miezi mitatu. Siku moja akaniuliza kama ilinisaidia kwenye mtihani, nikashindwa kuendelea kudanganya. Nikamweleza yote, mpaka sapu. Akanyamaza muda mrefu, nikafikiri laini imekatika. Halafu akasema, "Ile niliilipa kidogo kidogo, mjomba. Ningekuuliza kwanza wanataka ipi." Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma. Yeye alijibana, mimi nilishindwa kumuuliza mwalimu swali la dakika moja.

Bumu lilipotoka nikaenda Kariakoo na 35,000 mfukoni, safari hii nikiwa nimeuliza. Nilinunua fx-991ES Plus. Haipokei programu, kwetu inaingia mtihani, na ina vitu ambavyo fx-82MS haina: inatatua milinganyo ya pamoja yenye x, y na z, inafanya matriki, inafanya namba changamano. Kwa watu wa umeme hilo la mwisho si anasa, ndiyo kazi yenyewe ya kila siku. Kama kozi yako haina hayo, usihangaike, 82 inakutosha na chenji inabaki ya chakula.

Jambo moja litakutisha ukitoka kwenye MS kwenda ES: unapiga sin 60, inakuletea √3 juu ya 2 badala ya desimali. Haijaharibika. Kuna kitufe cha S⇔D, kibonyeze, desimali inakuja.

Watu wa takwimu na biashara, ninyi mtego wenu uko kwenye mchepuko wa kawaida. Kalkuleta inakupa aina mbili: moja inagawa kwa n, nyingine kwa n-1. Kwenye MS zimeandikwa xσn na xσn-1, kwenye ES Plus ni σx na sx. Chukua data ndogo, 4, 6 na 8. Ya kwanza inakupa 1.633, ya pili inakupa 2. Zote ni sahihi, inategemea kama data yako ni kundi zima au ni sampuli. Mashine haiwezi kukuchagulia. Na mwenye ndoto za CFA asikimbilie kununua yoyote: mtihani ule unaruhusu familia mbili tu, BA II Plus na HP 12C, basi.

Wenzetu wa ualimu nao wasijisahau. Utafundisha kidato cha nne, na mtihani wa Hisabati wa taifa pale hauruhusu kalkuleta. Mtoto anaingia na majedwali ya NECTA na kichwa chake. Kama wewe umesahau kusoma log kwenye jedwali, utamfundishaje?

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, anza na karatasi ya maelekezo ya mtihani wako. Kalkuleta nzuri kwa mjomba inaweza kuwa mbaya kwa msimamizi. Kama maelekezo hayaeleweki, muulize mwalimu, na umtajie namba ya modeli kamili, siyo "ile nyeusi". Dukani, washa, bonyeza kila kitufe, na ukubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha. Halafu inunue mapema, miezi kabla ya UE siyo usiku wa kuamkia, vidole vijue njia vyenyewe. Mimi hata ile 82 ingekuwa kwenye D, bado ningepoteza dakika nyingi natafuta vitufe.

Na ukiazima, ukinunua ya mtumba, hata ukimwachia roommate yako kwa nusu saa: piga tan 45 kwanza. Ikija 1, uko kwenye digrii. Ikija 1.62, ni radiani. Ikija 0.854, ni ile G yangu. Kwenye 82MS unabonyeza MODE mara mbili kisha 1 kurudi kwenye digrii. Kwenye ES Plus ni SHIFT, MODE, 3.

Sapu nilipita kwa C, ambayo kwetu ndiyo juu kabisa ya sapu. Ile TI sijaiuza. Iko mezani chumbani, na wiki ya kusoma chumba kinajaa watu wanaotaka kuona mstari wa fomula walizozikariri bila kuzielewa. Nilipiga picha ya kundi zima limeizunguka, nikamtumia mjomba. Akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Muhula uliopita nilikutana tena na yule mama msimamizi. Akaichukua kalkuleta yangu, akaigeuza, akairudisha mezani bila neno. Nikapiga tan 45. Ikaja 1. Nikafungua pepa.