Mota ya Pango la Noeli

Baba yangu alikuwa seremala. Mwaka 2003, nikiwa darasa la sita, alichonga pango la Noeli kwa vipande vya mninga vilivyobaki karakanani. Katikati aliwaweka Yosefu, Maria na Mtoto. Pembeni, juu ya duara la mbao, aliwapanga wachungaji wawili, Mamajusi watatu na ngamia mmoja. Chini ya duara alifunga mota aliyoinunua kwa mwenye duka la saa aliyekuwa akifunga biashara. Kila mkesha wa Noeli, tukitoka kanisani, baba alichomeka plagi mwenyewe, nasi watoto tukakaa sakafuni kutazama msafara ule ukizunguka hori polepole.

Baba alifariki mwezi Julai. Desemba nilipofika nyumbani Rombo, mama alikuwa amekwisha kulitoa pango kabatini na kulifuta vumbi.

"Haliendi, mwanangu," aliniambia. "Nimechomeka, limekaa kimya. Wewe si ndiye unayefundisha umeme?"

Ni kweli, nafundisha Fizikia. Kwa miaka tisa nimechora mota ubaoni bila kufungua kitabu. Nilichomoa plagi, nikafungua skrubu nne na kupima koili kwa mita. Mshale haukucheza hata kidogo. Waya wa ndani ulikuwa umekatika.

Hapo nikafanya kosa ambalo kila mwaka nawakemea wanafunzi wangu kwa kulifanya. Mota ya zamani niliitia mfukoni bila kuisoma. Nikachukua mota ya gari bovu la kuchezea la mpwa wangu, nikaifunga chini ya duara na kuiunga kwenye adapta. Nilitaka mama aone kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Duara lilizunguka kama pangaboi. Wachungaji walianguka, na ngamia akarushwa hadi ukutani, akavunjika mguu wa mbele. Mama aliinama, akauokota ule mguu na kuufunga kwenye pindo la kanga yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba yako alikuwa anapima kwanza."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda gari hadi Himo kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza vyombo vya umeme. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwambia na kazi yangu. Akaniuliza maswali matatu.

"Mwalimu, hiyo mota ilikuwa inatumia umeme gani? Ilizunguka mara ngapi kwa dakika? Na mhimili wake una unene gani?"

Sikuweza kujibu hata moja, na majibu yote nilikuwa nayo mfukoni. Mzee aliipokea mota, akaifuta kwa kidole gumba na kunionyesha maandishi ya mfuniko: volti 220 hadi 240, hezi 50/60, wati 4, mizunguko 2.5/3 kwa dakika.

Maandishi hayo yalinieleza kila kitu. Ile ilikuwa mota ya umeme geu, inayochomekwa moja kwa moja ukutani. Ndani yake kuna sumaku inayozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme, kisha gia ndogo ndogo zinapunguza mwendo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mwendo wake ni mizunguko 2.5 kwa dakika. Duara la baba lilihitaji sekunde 24 kumaliza mzunguko mmoja. Mota ya gari la kuchezea haikuumbwa kwa mwendo huo.

"Hizi ndizo zinazozungusha sahani ya kioo ndani ya maikrowevu," mzee alisema, akavuta boksi lenye mota kuukuu. Nyingi ziliandikwa 5/6, yaani mwendo maradufu. Tulipekua hadi chini kabisa tukapata moja ya 2.5/3, yenye mhimili unaolingana na wa zamani. Nilimlipa nikarudi nyumbani. Nikaifunga taratibu, nikazungushia utepe wa umeme kwenye maungio, nikamrudishia ngamia mguu kwa gundi.

Mkesha wa Noeli mama ndiye aliyechomeka plagi. Msafara ukaondoka kwa mwendo uleule wa zamani. Watoto wa dada walikaa sakafuni, mahali petu. Mama alisimama amejishika kiuno, hasemi kitu.

Ghafla umeme ukakatika. Uliporudi, watoto walipiga kelele: msafara ulikuwa unakwenda kinyumenyume, ngamia akitanguliza mkia!

Nilikimbilia mota ya zamani. Chini ya tarakimu zile palikuwa na herufi mbili nilizozipita: CW, alama ya kuzunguka upande wa mishale ya saa. Ile ya zamani ilikuwa na kizuizi cha ndani cha kuilazimisha iende upande mmoja. Hii mpya haina. Kila ikiwashwa yaweza kuanza upande wowote. Nilikuwa nimesoma mara ya pili, na bado sikusoma mpaka mwisho.

"Nitaibadilisha, mama," nilisema kwa aibu.

Mama alikuwa anacheka. Tangu Julai sikuwa nimemsikia akicheka. "Waache," alisema. "Walikuja wakamwona Mtoto. Sasa wanarudi kwao."

Hatukuibadilisha.

Mtahiniwa, nimekusimulia haya kwa sababu utaingia chumba cha mtihani ukiwa unajua mengi, kama nilivyojua mimi. Lisome swali mpaka herufi ya mwisho kabla hujashika kalamu. Mimi nilitoa jibu kabla ya kusoma swali, na alama ya gundi kwenye mguu wa ngamia inaonekana hadi leo.