Moto wa Nyika Katika Kitengela na Kajiado

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia kuu ya Namanga, akiisha kuiacha njia ya Mombasa penye mji wa Athi River, huingia katika nchi tambarare ambayo macho hayapati pa kutua. Hii ndiyo Kitengela, yapata kilomita 30 kutoka Nairobi. Kaskazini-magharibi yake ipo mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mbele zaidi ni Isinya, na baada yake Kajiado, makao makuu ya kaunti, mahali ipitapo reli iendayo Magadi.

Udongo wa sehemu kubwa ya nchi hii ni mweusi. Wakati wa masika hushika magurudumu kama gundi, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Nyasi hukua upesi mvua zinyeshapo, kisha hukauka na kuwa rangi ya simba. Ndipo moto unapopata chakula chake.

Mkulima huweka mahindi yake ghalani, lakini ghala la mfugaji ni nyasi zilizosimama. Basi mtu aonaye malisho yakiteketea mwezi wa Agosti na ajue kwamba ghala ndilo linaloteketea, na kwamba mvua ya vuli bado iko mbali. Wenyeji wa Kajiado hawakusahau miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na mifugo mingi ikafa.

Si kwamba moto ni mgeni kwa Wamasai. Tangu zamani wazee waliuwasha kwa makusudi na kwa hesabu, ili kuwaua kupe na kuotesha majani mabichi. Nchi ilikuwa wazi, na ng'ombe waliweza kuhamishwa. Siku hizi mambo yamegeuka. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi. Ile ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata kipande chake. Viwanda vikaongezeka Athi River, na watu wakaja kutafuta makao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000. Kwa hiyo moto unaoanzia kwa mchoma makaa, au kwa mtu aliyetupa kipande cha sigara kando ya njia, hukuta nyua, nyumba, maduka na mitungi ya gesi.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa kaunti. Lakini kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 21,900. Gari la kuzima moto, hata likiondoka mara liitwapo, lina safari ndefu kufika kwenye boma lililo ndani ya nyika, na upepo wa mchana haumngoji mtu. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu ni majirani wenyewe.

Majirani hao hutoka na matawi mabichi na magunia yaliyoloweshwa maji. Lakini ushujaa bila maarifa huua. Haifai kusimama mbele ya moto unaosukumwa na upepo. Yafaa kuanzia nyuma, penye majani yaliyokwisha kuungua, na kuupiga pande zote mbili mpaka kichwa chake kiwe chembamba. Kila mtu ajue njia ya kukimbilia, na mmoja awe mkubwa wa kutoa amri. Moto wa mafuta haumwagiwi maji, bali hufunikwa kwa mchanga. Moto ukizimika, watu wabaki kulinda, kwa maana kinyesi kikavu cha ng'ombe huficha kaa kwa saa nyingi.

Kazi hii ya hiari si jambo la watu maskini tu. Katika nchi ya Chile wazima moto ni watu wa kujitolea, na kikosi chao cha kwanza kilianzishwa Valparaíso mwaka 1851. Karibu na kwetu, mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu, wanafunzi miongoni mwao, walipanda kuwasaidia askari wa hifadhi.

Hata hivyo, mtu anayejitolea nguvu zake asiachwe ajitolee na maisha yake. Anahitaji viatu vigumu, koleo, pampu ya kubeba mgongoni, mafunzo, na matibabu akiungua. Vitu hivi havizidi uwezo wa mji wenye maduka na viwanda, wala wa kaunti yenye wajibu huo. Mwenye duka analindwa sawasawa na mwenye ng'ombe. Basi wote wawili wachange.

Lililo rahisi kuliko yote halihitaji fedha nyingi. Kabla ya kiangazi cha Julai kukaza, majirani wakutane, wafyeke ukanda mpana kuzunguka maboma na malisho, wajaze matangi, na waandikiane namba za simu. Kazi ya siku mbili ya jembe na panga yaweza kuokoa majani ya miezi mitatu, na majani hayo ndiyo maziwa ya watoto mpaka mvua irudi.