Taa ya tairi isiyozimika

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, msinilaumu. Leo siandiki habari za programu wala seva, ingawa mwishoni tutafika huko. Naandika habari za taa moja ndogo ya manjano.

Mwaka jana nilinunua gari langu la kwanza, mtumba wa miaka saba kutoka Uingereza, nikaliendesha mwenyewe kutoka Nairobi hadi Garissa. Wiki ya tatu, nilipowasha injini, taa ikatokea kwenye dashibodi: umbo la tairi lililokatwa, na alama ya mshangao ndani yake. Ilimulika-mulika kama dakika moja, kisha ikatulia ikiwaka.

Nikaenda kwa fundi wa pancha. Akapima tairi zote, kila moja PSI 33. Sawa kabisa. Taa haikuzimika. Fundi wa umeme wa magari akanipa dawa ya bei nafuu: kipande cha tepu nyeusi. "Walaal, taa hizi si za barabara zetu," akasema. Tukacheka, nikabandika.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nampeleka hooyo kliniki Nairobi. Tulivuka daraja la Tana alfajiri, tukaipita Madogo, lami ikanyooka nami nikakanyaga mafuta. Tulipoipita Ukasi gari likaanza kuvuta kushoto. Nikadhani ni upepo wa nje. Hooyo ndiye aliyesema: "Kuna kitu kinanuka, kama mpira unaungua."

Nikasimama. Tairi la mbele kushoto lilikuwa karibu limelala, na ubavu wake ulikuwa moto hata sikuweza kuushika. Ndani yake ulikuwa umezama mwiba wa mathenge. Anayeishi huku anaujua mti huo na anajua miba yake inavyopenya mpira. Upepo ulikuwa ukitoka polepole, pengine tangu jana yake. Malori yalikuwa yakitupita kwa kasi, na mimi nilikuwa kilomita 100 kwa saa dakika chache tu kabla. Hooyo alikaa chini ya mgunga akinitazama nikibadilisha tairi. Tulipoingia tena garini akauliza swali moja tu: "Hiyo tepu ni ya nini?"

Nina shahada ya kompyuta na sikuwa na jibu.

Niliporudi nikaanza kusoma. Kuna mifumo ya aina mbili. Wa kwanza hauna kipimo ndani ya tairi: hutumia vifaa vya breki za ABS kuhesabu mizunguko, maana tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Wa pili, kama wangu, una sensa ndani ya kila gurudumu, iliyofungwa kwenye vali. Sensa hupima upepo na joto, kisha hutuma taarifa kwa redio, megahezi 433 kwa magari ya Ulaya na 315 kwa ya Marekani. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za tairi kupasuka. Ulaya ililazimisha mfumo huu kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Betri ya sensa hudumu miaka 5 hadi 10, na imezibwa humo ndani: ikifa, unabadilisha sensa nzima. Kenya huruhusu kuingiza mitumba isiyozidi miaka 8. Kwa hiyo magari mengi yenye sensa hizi hutufikia betri zikiwa zinakaribia kukata roho. Fundi wangu hakukosea sana. Taa ile ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye gari wa kwanza.

Nilikuwa na kifaa cha USB cha kunasia televisheni, kile kinachoweza kusikiliza masafa mengine ya redio. Nikakiunganisha na laptopu, nikawasha programu huria ya rtl_433, nikamwomba binamu yangu aendeshe gari polepole huku na huku, maana sensa hulala gari likisimama. Namba zikaanza kuonekana: kitambulisho, upepo, joto. Lakini vitambulisho vilikuwa vitatu tu. Nikapunguza upepo kidogo tairi moja baada ya jingine, kuona ni namba ipi inashuka. La nyuma kulia halikujibu kitu. Betri imekufa.

Tairi lililotoboka halikuwa hilo! Sensa ya mbele kushoto ilikuwa nzima, na yaelekea ilipiga kelele njia nzima. Ila gari langu lina taa moja kwa habari mbili, na taa hiyo ilikuwa imeshawaka, tena chini ya tepu.

Basi shikeni hili. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kumulika, pima upepo. Ikimulika dakika moja hivi kisha ikatulia, mfumo wenyewe una hitilafu, na tangu hapo usiitegemee: nunua geji yako. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka karibu PSI 2, kwa hiyo usipunguze upepo saa nane mchana kwa jua la Garissa ukidhani umezidi. Na ukipunguza ili kupita mchangani, jaza tena kabla ya kushika mwendo kwenye lami.

Sensa mpya niliiagiza Nairobi. Bei yake ilininyamazisha kidogo, lakini taa imezimika.

Nikarudi kazini nikiwa na aibu nyingine. Seva yetu hutuma barua pepe za onyo kila usiku, nami nilikuwa nimezielekeza kwenye folda nisiyoifungua. Ile nayo ilikuwa tepu. Nilikuta barua zaidi ya 400. Karibu zote zilikuwa za uongo. Mbili hazikuwa za uongo.

Sasa nimeirekebisha programu inyamaze pasipo na tatizo, ili ikisema niamke.

Haya, kesho kabla jua halijapanda, kapimeni tairi zenu. Tuonane wiki ijayo, inshallah.