Hilo Gari Lenu Mmeliegesha Wapi?

Nansio, Ukerewe

Mpwa wangu,

Picha yako ukiwa umevaa reflekta tumeitazama nyumba nzima, na bibi yako ameshatangaza kisiwani kwamba mjukuu wake sasa anafunga minyororo magari ya matajiri.

Wiki iliyopita nilivuka kuja Mwanza kufuata vipuri vya mashine. Sikukupigia, niliwahi meli ya kurudi. Karibu na Makoroboi nikakuta pikapu ya watu wa kazi yenu, sikutaka hata kujua ni ya kikosi gani, imepanda njia ya waenda kwa miguu, matairi mawili juu ya mifuniko ya mtaro. Mfuniko mmoja umeshapasuka. Dereva kalaza kiti, anatafuna hindi la kuchoma. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani ikambidi ashuke barabarani, bajaji ikampigia honi kana kwamba mkosaji ni yeye. Hatua chache mbele, wenzenu wanafunga mnyororo tairi la teksi iliyopanda vilevile.

Unakumbuka Oktoba 2021? Machinga waliondolewa kandokando ya barabara nchi nzima, na sababu waliyopewa ni kwamba mtu wa miguu apate pa kupita. Mimi niliiunga mkono, ingawa binamu yako alipoteza kijiwe. Sasa nimwambie nini akiona pale alipokuwa anapanga soksi zake pamelala pikapu?

Utaniambia magari ya kazi yana ruhusa. Gari la wagonjwa au la zimamoto likiwa linawahi, sawa, lipishwe. Hindi la kuchoma halina king'ora. Na Katiba, Ibara ya 26, inamtaka kila mtu atii sheria. Haikumtoa anayeandika faini.

Najua wewe ni mgeni kazini, usukani huushiki, na dereva ni mkubwa wako. Usibishane naye mbele ya watu. Mwombe awashushe kwenye maegesho, mtembee. Katikati ya Mwanza si pakubwa hivyo, na kwa miguu mtayaona makosa mengi zaidi. Akikataa, mfuate msimamizi faraghani, halafu niandikie alivyokujibu.

Vile vipuri havikuingia, kwa hiyo mwisho wa mwezi navuka tena. Safari hii nitakupigia. Bibi anasema usisahau hela ya sukari.

Mjomba wako