Yangeyange Mweupe, Udongo Mweusi: Kupiga Picha za Ndege Bariadi

Akina mama wenzetu, siku hizi wengi wetu tunapiga picha kwa simu, na wachache tuna kamera za dijitali. Picha za watoto hutoka vizuri. Lakini tukimpiga ndege, mara nyingi tunapata doa jeupe au kivuli cheusi. Sababu yake huonekana wazi katika Mkoa wa Simiyu, nasi tunapenda kuwashirikisha tuliyoyaona huko.

Tulitoka Mwanza, tukapita Magu, tukafika Lamadi karibu na Ziwa Victoria. Hapo tuliiacha njia ya Musoma, tukashika ya kulia hadi Bariadi, mwendo wa takribani kilomita 70. Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi.

Ng'ombe wanapochungwa, yangeyange huwafuata wakidonoa panzi wanaorushwa na kwato. Hapo ndipo kamera inapodanganyika. Haijui udongo ni upi na ndege ni yupi. Hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Ikiona weusi mwingi, huongeza mwanga, na yangeyange hutoka mweupe pepepe, bila unyoya hata mmoja kuonekana. Weupe uliopita kiasi namna hiyo haurekebishiki baadaye, hata kwa kompyuta.

Basi punguza mwanga kabla ya kupiga. Kwenye kamera, tafuta alama ya + na −, uteremshe hadi −1. Kwenye simu nyingi, ukimgusa ndege kwenye kioo kitatokea kialama cha jua. Kisogeze upande wa kupunguza mpaka uyaone manyoya.

Kwa ndege mweusi fanya kinyume. Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni, akitembea katika nyasi kavu zinazong'aa, ongeza hadi +1. Fanya hivyo pia kwa ndege aliye juu ya mti, mbingu ikiwa nyuma yake. Furukombe wa ziwani ana kichwa cheupe na mwili wa rangi nzito. Kwake, linda kichwa kwanza, maana giza la mwilini linaweza kuongezewa mwanga kidogo baadaye.

Saa nayo ni muhimu. Jua la huku hupanda haraka. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Mchana joto hutoka ardhini na hewa hutetemeka. Picha ya mbali hufifia hata lenzi ikiwa ya bei kubwa. Lenga jicho la ndege. Akiwa anaruka, weka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Na usitegemee kuvuta picha kwa vidole kwenye simu, kwani mara nyingi huko ni kuikata tu. Ni afadhali kusogea polepole, na kusimama kila ndege anapoinua kichwa.

Katika migunga ya kaskazini mwa Tanzania yupo cherero, kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu walimpa jina la Mjerumani Gustav Fischer mwaka 1887. Katika miaka ya 1980 cherero walinaswa kwa maelfu na kuuzwa nchi za nje, wakafungiwa vizimbani. Idadi yao ilipungua sana. Duara lile la jicho likionekana vizuri katika picha, ujue umelenga sawasawa.

Watoto wetu hupenda kumiliki kitu kizuri wanachokiona, na wengine hutega mitego au kupanda mti kuchukua makinda. Tukiwafundisha kupiga picha, wanampata ndege bila kumfunga. Lakini tuwaonye pia wasikate matawi wala kusogelea kiota, kwani wazazi wakitishwa huweza kuyaacha mayai. Jumamosi hii mpe mtoto wako simu kwa nusu saa, mtafute yangeyange mmoja, mhesabu pamoja manyoya mnayoweza kuyaona.