Watoto wa Oktoba 2014

Mtoto aliyezaliwa Beni, mashariki mwa Kongo, Oktoba 2014, mwezi yalipoanza mauaji ya usiku ya mapanga, leo anabalehe. Anasoma vizuri, simu anaijua kunishinda, na Kifaransa chake kimepita changu. Lakini mtajie Oicha: atakueleza nani aliuawa kule na nani alichomewa nyumba. Mtajie Eringeti, Mbau au Kamango, jibu ni lile lile. Nchi yake ameijua kupitia matanga.

Sisi tulioota mvi tuliyapata majina hayo kwa njia nyingine. Enzi za Mobutu, Oicha na Eringeti vilikuwa vituo vya kununua ndizi na kunyoosha miguu ukielekea Mlima Hoyo, kule Ituri. Tulipakiwa kwenye lori, watoto wa shule tumebanana, tukiimba mpaka sauti zinakauka. Hoyo kuna mapango ambayo mawe yake yananing'inia kutoka juu, na maporomoko ya maji yaliyopewa jina la Ngazi za Venus. Huyo Venus ni nani hatukuambiwa, wala hatukujali. Tulilowa na tukarudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Upande wa mashariki kulikuwa na Ishango. Ukishika njia ya Kasindi na kuvuka daraja la Semliki, unakuwa ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza Afrika. Ishango ndipo mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, na viboko wamejaa majini wakipumua kwa kelele. Hapo hapo, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyochongwa kwa mpangilio, wa miaka ipatayo 20,000, ambao wataalamu kadhaa wanauona kama kumbukumbu ya watu waliokuwa wakihesabu. Mfupa wenyewe uko Brussels. Mjukuu wangu aliuona kwenye simu kabla hajaiona Semliki, na mpaka leo Semliki hajaiona.

Siwalaumu wazazi wake. Walizaa wakati mbaya. Baada ya mapanga ilikuja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Watoto walijifunza kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kujifunza kusalimia kwa mkono. Nani angempeleka mtoto kwa shangazi, wakati shangazi mwenyewe hagusiki? Mei 2021 tukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kisha kusini nako kukafungwa: Kanyabayonga ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, Goma ikafuata Januari 2025. Kwa mtu wa Butembo, safari ya kuteremkia Goma kuwasalimia ndugu imekuwa habari ya zamani.

Lawama yangu ni kwetu sisi babu na bibi. Tulikuwa na majina ya mahali pamoja na utamu wake, tukawapa wajukuu hofu peke yake. Jioni tukikaa nje, tunasimulia nani kapita wapi, nani hakurudi. Ni haki kusimulia, maana waliokufa ni wetu. Ila mtoto wa miaka mitano anayesikiliza hana kingine cha kuweka kando ya habari hiyo.

Siku hizi kwa wenye nazo, kutembea ni kwenda hotelini. Mtoto anawekwa kwenye kiti cha plastiki, anapewa soda, anapigwa picha mbele ya maua, anarudishwa nyumbani akiwa na gauni safi kama alivyotoka. Namhurumia. Hakuuliza chochote kwa sababu hapakuwa na cha kuuliza.

Mimi huwa namchukua mjukuu wetu mdogo Jumamosi, barabara ikiwa na amani, tunateremka Butembo hadi Beni. Ni kilomita kama 54 tu. Butembo iko juu, asubuhi baridi inauma, kwa hiyo anaondoka na sweta na kofia. Tukipita Maboya anaanza kujikuna, sweta inavuliwa. Tukikaribia Beni anadai maji. Hapo namwonyesha kwamba nchi imeinama, kwamba hapa juu ni viazi na kule chini ni kakao. Anaiona kakao imeanikwa kwenye maturubai, anataka kujua kwa nini chokoleti inanuka hivyo. Muuzaji wa mananasi anamkatia kipande cha bure. Kwa shangazi yake tunakula bugali na sombe, analala mkekani, tunarudi.

Kuna siku mvua ilikuwa imeosha anga, milima ya Ruwenzori ikajitokeza yote. Akaniuliza, "Sokulu," yaani babu, "nani amemwaga unga kule juu?" Nikamwambia ni barafu, na kilele kile kirefu kinafika mita 5,109. Sikumwambia kwamba barafu hiyo inapungua mwaka hata mwaka. Nilimwacha aitazame kwanza. Kuhusu msitu ulioko chini ya milima hiyo hakuuliza, nami sikuutaja. Atasikia tu, siku zipo.

Jirani mmoja ananiambia nachezea roho ya mtoto. Huenda ana sababu zake, na kuna wiki ambazo hata mimi sitoki nje ya ua. Lakini kwenda uwanja wa ndege wa Rughenda kutazama ndege ndogo ikitua hakuhitaji ruhusa ya jemadari, wala kutembea kando ya mto Kimemi mkihesabu madaraja. Aliyefungiwa ndani kwa jina la usalama atakuja kuihama nchi hii bila hata kugeuka nyuma, kwa kuwa hana alichokipenda ndani yake.

Wazee wenzangu, likizo ikifika mchukueni mtoto mmoja, yule ambaye bado anakubali kushikwa mkono. Ulizeni madereva alfajiri kabla ya kutoka, mrudi kabla ya saa kumi, na kila kilima mnachokipita mwambieni kinalimwa nini.