Miaka Elfu kwa Usiku Mmoja

Wasee, leo niwape stori ya vile binamu yangu alininyamazisha.

Anasomea uhandisi, na mwaka wake wa mwisho ameumaliza akikodolea kompyuta macho. Kila nikimtembelea naona kitu kimoja: vijisanduku vya rangi, vyekundu chini, vya buluu juu. Nikamwambia, "Buda, wenzako wanatafuta kazi, wewe unacheza gemu." Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Stima unayochajia simu inatoka wapi?"

Hiyo najua. Nimewahi kuendesha baiskeli Hell's Gate, nikayaona yale mabomba ya mvuke ya Olkaria. Kituo cha kwanza pale kilianza 1981. Nilidhani ni kazi rahisi: toboa, mvuke utoke, washa taa.

Kumbe wapi! Hakuna mtu ameona kilicho kilomita mbili chini. Kinachojulikana ni joto na presha ndani ya visima vilivyochimbwa. Kwa hivyo unaigawa ardhi kwa vijisanduku, kila kimoja unakipa mwamba wake. Kisha, kabla ya kuweka kisima hata kimoja, unaiacha kompyuta ipitishe maelfu ya miaka: maji yanashuka, yanapata moto, yanapanda, hadi mambo yatulie. Ndipo unalinganisha na joto lililopimwa. Ikikataa, unabadilisha miamba na kuanza upya. Yeye ameanza upya kwa miezi.

"Sasa mbona ujisumbue na enzi za kale hivyo?"

"Kama siwezi kueleza ilivyokuwa kabla hatujaigusa, nikikuambia itakavyokuwa kesho nitakuwa nakudanganya."

Hapo nikanyamaza.

Tunapenda kusema mvuke wetu hauishi. Joto la dunia kweli haliishi leo, lakini ukivuta mvuke kwa kasi kuliko unavyojijaza, presha inashuka. Ndiyo maana maji yaliyotumika hurudishwa chini. Na ukiyarudisha mahali pabaya, unaweza kupoza kisima jirani. Kwa hivyo kiongozi akikuahidi megawati kibao, usipige makofi tu. Muulize: modeli inasema nini kuhusu miaka thelathini ijayo?

Na mimi nani wa kucheka? Niliacha kozi ya kuandika programu baada ya kazi yangu kukataa mara tatu. Tatu tu! Jana usiku nimeifungua tena.

Imekataa mara ya nne. Leo naanza upya.